Mwalimu Ugenini: Somo kwa Wendao Kusomesha Nchi za Waarabu

Somo letu la leo ni jawabu ya suala nililoulizwa baada ya sala ya Isha katika darsa yetu ya hapa Shianda. Muulizaji ni kijana wetu, amesoma hata akapata shahada ya ualimu wa hisabati, na nambari ya Tume ya Kuajiri Walimu anayo, walakini huu ni mwaka wa tano tangu amalize masomo na kazi ya serikali hajaipata. Alinijia na karatasi mkononi, mkataba wa kazi kutoka skuli moja ya watu binafsi huko Omani, akaniambia: "Sheikh, wewe ulikwenda huko ukakaa miaka minne ukarudi. Nitie saini au nisitie?"

Usiku ule sikumjibu. Nilimwambia aniachie karatasi niisome, nami nitamjibu mbele ya darsa yote, kwani najua si yeye peke yake atakaye kuuliza. Na nilipokwisha kusema niliyoyasema, ndugu zangu wakanitaka niyaandike ili yasomwe na ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, ambao vijana wao huenda Arabuni wengi kuliko wetu.

Wasiopajua Shianda na wajue kuwa ni mji mdogo ulio njiani baina ya Kakamega na Mumias, katika nchi ya Wawanga. Huku ni nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, mzee mwenye ekari tatu za miwa aliweza kumsomesha mwanawe mpaka chuo kikuu, na mwaka 2019 kiwanda hicho kilipotiwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni, wengi walikuwa wamekwisha kung'oa miwa yao siku nyingi wakapanda mahindi. Nalitaja hili ili msomaji wa pwani asidhani vijana wetu wana tamaa. Kijana aliyelipiwa karo kwa miwa, na miwa yenyewe haipo tena, ana baba mbele yake amtazamaye.

Na kuna jambo la pili napenda lifahamike mwanzo. Sisi watu wa Uwanga tulisomeshwa na wageni. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufika kwetu kabla mzungu Joseph Thomson hajapita mwaka 1883, na pamoja na pembe na nguo ikaja misahafu. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu yeye na wengi wa jamaa zake. Wazee wetu walikuwa wakitusimulia juu ya walimu waliotoka pwani wakakaa huku hata wakazeeka, wakila obusuma na mboga za kienyeji, wakitamani nazi na samaki. Basi mwalimu ugenini kwetu si khabari mpya. Lililogeuka ni njia tu: zamani mwalimu alitoka pwani akaja bara, na leo mtoto wa bara hupita juu ya pwani usiku kwa ndege, asiione, akashukia Maskati.

Nanyi wa pwani mwayajua haya kuliko mimi. Habib Swaleh aliyeasisi Riyadha ya Lamu hakuzaliwa Lamu, alitoka Ngazija, na hili twalikubali sote, tofauti zetu nyingine tuziweke kando. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mwalimu Unguja, kisha mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alipofariki mwaka 1982 alikuwa Maskati. Ilimu haina pasipoti, ila mwenye kuibeba ndiye anayo, na juu ya hiyo pasipoti nitasema mbele.

Mwalimu wa kwanza kutumwa ugenini katika Uislamu ni Sayyidna Mus'ab bin Umair. Mtume (S.A.W.) alimpeleka Yathrib kabla ya Hijra, awasomeshe watu wa huko waliokwisha kusilimu. Tazameni alivyofanya. Hakujijengea mahala pake peke yake, bali alikaa nyumbani kwa mwenyeji, As'ad bin Zurara, na kwa njia hiyo akajua nani ni nani katika mji ule. Alipojiwa na Usaid bin Hudhair na mkuki mkononi, akitaka kumfukuza, Mus'ab hakubishana naye. Alimtaka akae asikilize, akimpendeza maneno ayakubali, na yasipompendeza atanyamaza. Usaid akauchomeka mkuki wake chini akakaa. Mimi nimesomesha miaka zaidi ya ishirini, na sijaona mafunzo ya ualimu yaliyo mafupi na kamili kuliko kisa hiki: jua mji wa watu kabla hujaanza kuusomesha, na mwenye hasira mpe mahala pa kukaa. Tena ataheruki huyu, aliyekuwa kijana wa neema na mavazi mazuri Makka, alipouawa Uhud hapakupatikana nguo ya kumfunika mwili wote. Kwenda kusomesha ugenini, basi, si lazima kuwe kwenda kutajirika.

Sasa nije kwenye karatasi ya yule kijana.

Watu wetu wana ada mbaya. Mtu atanunua ng'ombe, atamzunguka mara saba, atamfungua kinywa ayaone meno, kisha atatia saini karatasi ya kufanya kazi miaka miwili nchi ya mbali bila ya kuisoma, kwa sababu imeandikwa na Mwislamu. Twasahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni, na muandishi wake, na mashahidi wake, na waambiwao humo ni walioamini. Kuandikiana si kudhaniana vibaya. Mimi mwenyewe nilipokwenda mwaka 2012 niliiona saini yangu kuwa ni ishara ya kuaminiana, na karatasi yenyewe niliisoma ndani ya ndege, nikaisoma vizuri mwaka wa nne, wakati wa kuondoka.

Mshahara niliopewa ulikuwa rial 400 kwa mwezi. Rial moja ya Omani ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hivyo kwa maalim wa chuo cha Shianda hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Walakini katika mkataba mshahara ule ulikatwa mapande. Mshahara wa msingi uliandikwa rial 160, na zilizobaki 240 ziliitwa marupurupu: ya nyumba, ya usafiri, na mengine. Mimi nikasema moyoni, jina lina maana gani, madhali mwisho wa mwezi nazipokea zote? Maana yake niliijua siku ya mwisho. Kiinua mgongo hupigwa hesabu kwa mshahara wa msingi tu. Kwa sheria ya Omani iliyokuwako zama zile, mfanyi kazi alipewa mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya kwanza, na mshahara wa mwezi kwa kila mwaka baada ya hapo. Haya, tuhesabu. Miaka mitatu ni siku 45, yaani mwezi na nusu, rial 240. Mwaka wa nne rial 160. Jumla 400. Lau msingi wangu ungaliandikwa 400 kamili, ningalipokea 1,000. Rial 600 zilipotea kwa neno moja ambalo mwandishi wa mkataba alilijua maana yake na mimi sikulijua. Wala hakunidhulumu kisheria, na hapa ndipo penye uchungu, maana huwezi kumshitaki.

Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2023 imefanya vizuri zaidi: imeweka mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka wa kazi, walakini ungali ni mshahara wa msingi. Imarati huhesabu siku 21 za msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha 30. Saudia ni nusu mwezi kwa miaka mitano ya kwanza, kisha mwezi mzima. Msomaji ayaandike haya pembeni. Kila uonapo mkataba wenye msingi mdogo na marupurupu makubwa, jua kuwa aliyeuandika anaifikiria siku ya kuondoka kwako, hata kama wewe huifikirii.

Na jambo jingine nalisema waziwazi ijapokuwa lawachukiza wengine. Katika skuli nyingi za watu binafsi huko, mshahara haufuati ilimu bali hufuata pasipoti. Mwingereza na Mhindi na Mkenya watasomesha hisabati ile ile darasa lile lile, na kila mmoja bei yake mbali. Waalimu wa Kimisri na Kisudani walinizoesha kulicheka jambo hili wakati wa chai. Nililicheka pamoja nao, na sikuwahi kulizoea.

Pasipoti yenyewe, siku niliyofika ilichukuliwa na afisi ikatiwa katika kabati ya chuma, nikaambiwa ni kwa amana. Mwaka 2014, katikati ya mitihani ya mwisho wa mwaka, nilipigiwa simu alfajiri kwamba mama yangu amefariki. Najua, na kila Mwislamu ajua, kuwa maiti haingojwi, na mimi sikutaraji kumuona. Nilitaka kuwahi matanga tu, nikae na baba. Nikaenda afisini. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amesafiri, na hapana mwengine aliyethubutu kulifungua. Nilingoja siku tatu. Hapana aliyenitukana katika siku zile, kila mtu alinipa mkono wa rambirambi na kuniletea tende na kahawa. Nilifika Shianda siku ya tano, watu wamekwisha kutawanyika, nikamkuta baba amekaa juu ya mkeka uani, ananitazama kama atazamaye mtu aliyekuja kuuliza njia. Skuli ile siitaji, na wenyewe hawakuwa watu wabaya. Amana isiyorudi mkononi mwa mwenyewe anapoihitaji, mimi sijui kwa fiqhi gani yaitwa amana.

Sheria za nchi hizo leo zamkataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyi kazi bila ya ridhaa yake. Lakini jihadharini, ridhaa hiyo hutafutwa ndani ya karatasi zile nyingi utiwazo saini siku ya kwanza, ukiwa na usingizi wa safari. Na kafili naye, yaani mdhamini wako, nguvu zake si kama zamani. Mimi nilipomaliza mwaka 2016 nilipata skuli nyingine iliyonitaka, kwa mshahara ulio bora. Mwajiri wangu akakataa kunipa karatasi ya kutokuwa na pingamizi, na kwa kanuni iliyorudishwa Julai 2014, asiye na karatasi ile alizuiwa kurudi Omani kwa kazi nyingine mpaka ipite miaka miwili. Ndiyo sababu ya kurudi kwangu, ingawa watu wa hapa hudhani nilirudi kwa mapenzi ya chuo. Kanuni ile iliondolewa tangu Januari 2021. Katar nayo iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyi kazi kupata idhini ya mwajiri wa kwanza ndipo ahamie kwa mwengine. Kijana wa leo ana mlango ambao mimi nilifungiwa, na ni wajibu aujue, maana mwajiri hatamwonyesha.

Nimeyakalia mno mambo ya fedha, na mtu ataweza kusema sheikh huyu hana jingine. Haya, tuingie darasani.

Mimi nilisoma kwa njia yetu ya kale. Nilianza chuoni kwa baba, kisha nikapelekwa pwani, nikasoma Safina na Abu Shujaa, nikahifadhi Ajrumiya, nikaingia katika vitabu vikubwa vya nahau. Nilipoitwa Omani nilijiona nimeitwa nyumbani kwa lugha niliyoipenda tangu utotoni. Siku ya pili nikaingia dukani, nikamwambia mwenye duka kwa irabu zake zote kamili kwamba nataka mkate na maziwa. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Kerala, akanitumbulia macho. Palikuwako mtoto na babake nyuma yangu, na mtoto akasema kwa sauti kwamba mtu huyu azungumza kama katuni za runinga. Baba yake akacheka mpaka akashika rafu. Baadaye nilifahamu sababu: watoto wa Kiarabu hawasikii Kiarabu fasihi nyumbani wala sokoni, hukisikia katika khutba, katika khabari, na katika katuni. Mimi nilikuwa paka wa katuni mwenye kanzu.

Basi ajuaye nahau na ajue kwamba itambidi aanze upya kwa masikio. Sisi twasema uridu, wao husema abgha, na mwalimu wa Kimisri katika chumba cha waalimu husema ayiz. Kuuliza "nini?" sisi twasema madha, Muomani husema mo, Mmisri husema eh. "Sasa hivi" ya vitabuni ni al-ana, na huko Ghuba ni alhin. Wanazuoni wetu wengine huona haya kusema maneno haya, wakidhani ni kuiharibu lugha ya Qur'ani. Mimi pia niliona haya kwa muda wa mwaka mzima, na kwa haya yangu nikaishi mwaka mzima bila ya rafiki. Wala nahau haikunipotea bure: watoto walinijia na mitihani yao ya irabu, kwani wao wenyewe Waarabu huogopa nahau kama watoto wetu waogopavyo hisabati, na wazazi wakaniheshimu kwa hilo.

Tena hapa pana jambo la kustaajabisha. Mimi niliyekwenda nchi ya Waarabu nilisomesha dini kwa Kiingereza. Skuli zile zina watoto Waislamu wasiokuwa Waarabu, wa Kihindi, wa Kipakistani, wa Kimalesia, na hao husomeshwa dini kwa lugha waifahamuyo. Kiingereza changu cha skuli ya msingi ya Shianda, ambacho baba alikuwa akikidharau, ndicho kilichonipa kazi. Nilimwandikia baba khabari hii. Hakunijibu juu yake mpaka leo.

Na fimbo. Mimi nilifundishwa kwa bakora na nilisomesha kwa bakora, na lau ningaliulizwa ningalisema hapana chuo bila ya bakora, ijapokuwa Kenya imeipiga marufuku katika skuli tangu mwaka 2001 na sisi wa vyuo tulijifanya hatukusikia. Kule, mwalimu ainuaye mkono hurudishwa kwao kwa ndege ya usiku ule. Muda wa miezi miwili ya kwanza sikuwa na neno. Watoto walizungumza, walikula, waliniuliza dereva wangu ni nani. Nilitaka kulia. Kisha mwalimu mmoja wa Kisudani, mtu mzima, akaniuliza kama nimepata kusoma aliyoyaandika Ibn Khaldun katika Muqaddima juu ya ukali kwa wanafunzi. Nilikuwa nalijua jina la kitabu tu. Yule bwana mkubwa, mwaka 1377 wa miladi, amekwisha kueleza kuwa mtoto alelewaye kwa kuvunjwa nguvu hupotewa na uchangamfu wake, akajifunza uvivu, na uwongo, na hila, ili ajikinge na mkono wa mwalimu. Nilisoma mlango ule mara tatu. Nilikumbuka hila zangu mwenyewe chuoni. Nikaanza kuwasomesha kwa visa, na kwa kuwauliza, na kwa kuwapa kila mmoja kazi yake darasani, na wakanyamaza wenyewe. Kule nilikokwenda kusomesha nilisomeshwa hili moja, na lau sikuleta jingine nyumbani lingenitosha.

Ndugu atakayekwenda Omani atakutana na madhehebu ya Ibadhi, na hili laogopwa kuliko inavyostahiki. Alfajiri yangu ya kwanza msikitini, nilipoinuka kutoka katika rukuu ya rakaa ya pili, nilinyanyua mikono yangu kwa kunuti kama tufanyavyo sisi Mashafii. Nilipofumbua macho, safu yote i katika sijida na mimi peke yangu nimesimama kama mlingoti. Hapana aliyenisema. Baada ya sala mzee aliyekuwa kando yangu aliniuliza natoka wapi, akanichukua kwake kunywa kahawa. Wao huacha mikono chini katika sala, hawasemi Amin baada ya Fatiha, wala hawana kunuti. Nilisali nyuma yao miaka minne na wao wakasali nyuma yangu, na mjadala wa kunuti tuliukuta umetungoja huku kwetu, ambako husababisha watu kugawana msikiti. Hiyo kahawa, jambo dogo: kikombe ni kidogo, hutiwa kidogo, na usipokitikisa utakapokirudisha utaendelea kutiliwa mpaka moyo uende mbio.

Nilifika wakati mapumziko ya wiki yakiwa Alkhamisi na Ijumaa, na Mei 2013 yakageuzwa kuwa Ijumaa na Jumamosi. Imarati, tangu Januari 2022, hufanya kazi nusu ya siku ya Ijumaa na hupumzika Jumamosi na Jumapili. Aendaye huko asiende na kalenda ya kitabuni.

Faraja yangu kubwa ilikuwa ni Kiswahili. Nilikuwa Ruwi, katika mji wa Maskati, nimesimama mbele ya duka la vitambaa, nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, hebu nipishe." Nikageuka, bibi mtu mzima, amejitanda abaya, uso wa Kiarabu, na maneno ya Unguja matupu. Alipojua natoka Kenya alinishika mkono hakuniachia. Watu hawa wengi walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakatawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 aliwaita walioko nje warudi kujenga. Nchi wakati ule ilikuwa na skuli tatu tu. Wale waliosoma Unguja walijua Kiingereza na hesabu za afisi, wakatiwa katika wizara, na mabenki, na skuli, hali wengine wao Kiarabu hawakijui vizuri. Bibi yule aliniambia, naye akicheka, kwamba alipofika aliitwa Mzanzibari, na Unguja alikuwa akiitwa Mwarabu. Nyumbani kwake niliandaliwa mandazi na mchuzi wa nazi, na kila Ijumaa baada ya hapo palikuwa na sahani yangu. Yeye ndiye aliyenisomea Yasini pamoja na watu wa nyumba yake siku zile tatu nilizokuwa nangoja ufunguo.

Nimebakiza yaliyo nyumbani. Chuo cha baba nilikiacha na watoto sitini, nikakikabidhi kwa mwanafunzi wangu mkubwa. Nilipeleka fedha, tukajenga vyumba viwili vya matofali, na madawati, na ubao, badala ya kibanda cha zamani. Niliporudi mwaka 2016 nilikuta vyumba viwili vizuri na watoto kumi na tisa. Yule mwanafunzi wangu alikuwa amekwenda Katar, mlinzi wa usiku katika jumba la biashara, na hakuniambia kwa kuona haya. Ningemlaumu kwa mdomo gani? Mwanangu nilimwacha ana miaka miwili. Nilipofika alinisalimu vizuri, akampigia mamake ukelele jikoni kwamba kuna mgeni.

Basi jawabu yangu kwa yule kijana ilikuwa hii. Kusomesha kwa mshahara ni halali. Katika Qur'ani maulamaa wamekhitalifiana, na madhehebu yetu ya Shafii yamejuzisha. Katika hisabati hapana hata khitilafu. Baba yake ana haki juu yake, na miwa haipo, kwa hivyo sikuweza kumwambia asiende. Nilimtaka kwanza amtafute wakala aliyeandikwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, siyo mtu wa simu asiye na afisi. Na kabla ya kutia saini, aandike barua ya adabu kwa skuli ile, aombe mambo matatu: mshahara wa msingi uongezwe na marupurupu yapunguzwe, jumla ikiwa ile ile; tikiti ya kurudi iandikwe wazi, pamoja na tikiti ya dharura ya kifo cha mzazi; na pasipoti ikae kwake mwenyewe. Wengine katika darsa walisema kazi itamponyoka kwa kudai. Nikawajibu kwamba skuli itakayokasirika kwa barua ni afadhali ikasirike yeye akiwa Shianda.

Aliandika. Jawabu ilikuja siku ya tisa, akaja mbio kunionyesha. Mshahara wa msingi wameupandisha kutoka rial 180 mpaka 260. Tikiti zote mbili wamekubali. Juu ya pasipoti wameandika kuwa huwekwa afisini kwa amana. Nimempa karatasi na kalamu akaandika mara ya pili, juu ya hilo moja tu, na baba yangu, ambaye alikuwa amekaa juu ya mkeka wake akisikiliza, akamwambia aandike kwa herufi kubwa.